Kuitika

Baraza la Ardhi, Arusha, saa nne asubuhi.
Feni inazunguka kwa kusuasua.
Mimi Sinyati, mkalimani wa siku,
nimekalishwa katikati kama kizingiti:
huku Kimaasai, huku Kiswahili,
na kila apitaye ananikanyaga.

Mleta maombi ni bwana Roelof wa shamba la maua.
Kiswahili chake kakiokota kwa wachuma waridi,
kimenyooka, kina miiba michache.
"Nilimweleza mipaka yote. Korongo, ule mgunga, barabara.
Kila nilipotua, huyu mama aliinamisha kichwa akasema ee.
Nilihesabu. Mara kumi na moja."
Anaonyesha vidole kumi, anavifumba, anainua kimoja.

Karani anaandika: *alikubali*.

Nembris ameketi, mikono ndani ya shuka,
macho sakafuni.
"Mwambie anitazame ninapomuuliza," anasema mwenyekiti,
ambaye kwao Songea naye alifunzwa
kutomkodolea mkubwa macho;
lakini kiti humsahaulisha mtu.
Natafsiri. Nembris anayainua macho yake
hadi kwenye tai ya mwenyekiti, yanakomea hapo,
kama mgeni anayengoja kukaribishwa ndani.
Hilo sikulitafsiri.
Silipwi kwa macho.

"Muulize: alisema ee, au hakusema?"

Akajibu bila haraka:
"Nilisema. Mtu akizungumza, unamwachaje peke yake?
Maneno yake yalikuwa yanatembea. Nikayasindikiza."

Nikatafuta Kiswahili cha hayo, nikakipata kimoja, chembamba.
"Anasema aliitika."
"Yaani alikubali."
"Hapana, mheshimiwa. Aliitika."

Kalamu ya karani ilibaki hewani
kama inzi asiyejua pale chini ni asali au ni gundi.

Hapo ningenyamaza.
Sikunyamaza.
"Mheshimiwa, mama akikuita nawe ukajibu naam,
umeshakubali kutumwa dukani?"

Benchi la nyuma likacheka.
Mwenyekiti hakucheka. Akanionya:
mkalimani hutafsiri, hatetei.
Ana haki. Nilikuwa nimevuka mpaka,
na ule wangu, tofauti na wa Nembris,
ulikuwa na alama zake, zimechorwa, nimezitia sahihi.

Shauri likaahirishwa hadi tarehe kumi na tisa.

Nje kwenye korido, chai ya tangawizi,
Mlima Meru umejifunika, hauna habari na mtu.
Mjukuu wa Nembris, Leshao, miaka sita,
kandambili ndefu kuliko nyayo,
alimwendea Roelof moja kwa moja. Mvi ni mvi.
Akainamisha kichwa mbele yake,
akangoja.

Roelof akatazama viatu vyake,
akatazama vya mtoto,
akajipapasa mfukoni kutafuta sarafu.
"Siyo hela," nikamwambia. "Mguse kichwani. Anakuamkia."

Alimgusa kwa ncha za vidole kwanza, kisha kwa kiganja,
kama mtu anayepima joto la pasi.
Kiganja kikakaa pale kidogo kuliko ilivyohitajika, au zaidi,
sikuwa na saa.
Mtoto akachomoka kukimbilia ndizi.
Nembris aliyaona yote kutoka kwenye benchi.
Alirekebisha shuka begani. Basi.

"Kwa hiyo," Roelof aliniuliza, sauti chini,
"zile ee kumi na moja…"
"Alikuwa anakusikiliza."
"Zote?"
"Zote."

Akainamisha kichwa.
Mara moja, kwa muda mrefu.

Hadi naandika haya sijui
kama aliitika
au alikubali.